Hotuba ya Lincoln ya Machi 1865: kila mtu ananukuu mstari wa mwisho, aya ya tatu hawaigusi

Mlinzi wa Zamu

Wakuu salaam. Huu uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu hamna ugomvi.

Juzi nilikuwa kwenye kongamano moja la amani (sitaji la nani), mgeni rasmi akafunga hotuba yake na maneno ya Abraham Lincoln, yule rais wa Marekani, "bila kinyongo na yeyote, kwa upendo kwa wote", ukumbi mzima makofi, emsii akadakia "maneno ya hekima hayo". Sawa, ni ya hekima, sipingi. Ila kuna kitu kinanikera siku nyingi, kila mkubwa akitaka kuwaambia watu yaishe tugange yajayo anamuita Lincoln aje kumtolea ushahidi, wakati ukiisoma ile hotuba mwanzo mwisho Lincoln hakusema yaishe. Alianza na deni. Akalitaja deni, akataja anayedai, akataja hadi litalipwaje, halafu ndo akasema sasa tusiwekeane kinyongo. Wanaokimbilia mstari wa mwisho ni kama wale ndugu wanaofika kikao cha ukoo muda wa pilau, kesi ilivyosikilizwa hawajui.

Twende kwenye siku yenyewe maana ina vituko vyake.

Jumamosi tarehe 4 Machi 1865, Washington, Lincoln anaapishwa urais muhula wa pili. Vita ya wenyewe kwa wenyewe, Kaskazini ya Lincoln dhidi ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga, inakaribia kutimiza miaka minne, Kusini wako hoi, jenerali wa Kaskazini Sherman ameshapita Georgia na Carolina ya Kusini anachoma, mwenzake Grant amemkaba Lee, jenerali wa Kusini, pale Petersburg. Mvua imenyesha asubuhi na barabara za Washington enzi hizo ni udongo mtupu, watu wamesimama kwenye tope, akina mama na yale magauni yao mapana wameloa hawatamaniki. Kabla Lincoln hajatoka nje kulikuwa na kiapo cha makamu wa rais ndani ya ukumbi wa Seneti, Andrew Johnson wa Tennessee. Johnson alikuwa ametoka kuumwa homa ya matumbo, akaona apige wiski kidogo ajikaze, kidogo ikawa si kidogo. Akasimama akahutubia kama yuko kilabuni, anawaambia mawaziri na waheshimiwa wote mle ndani kwamba wao si kitu bila wananchi, anawataja mawaziri mmoja mmoja, kufika kwa waziri wa jeshi la majini jina limemtoka ikabidi ainame amuulize mtu wa karibu huyu anaitwa nani vile, akamalizia kwa kuibusu Biblia kwa mbwembwe mbele ya kadamnasi. Lincoln kakaa pale anaangalia chini. Inasemekana wakati wanatoka alimwambia msimamizi wa shughuli, Johnson asiongee huko nje. Mkumbukeni huyu Johnson, tutarudi kwake.

Nje sasa, ngazi za mashariki za Capitol, jengo la Bunge. Lincoln kasimama na karatasi yake moja imechapwa safu mbili. Ile anasogea tu mbele mawingu yakafunguka jua likatoka, waliokuwepo wameliandika sana hilo. Hotuba nzima ina maneno kama 700, aya nne, dakika sita au saba imekwisha. Kwenye umati weusi ni wengi, na siku hiyo ndo askari weusi waliandamana kwa mara ya kwanza kwenye gwaride la kuapishwa rais. Na ndani ya umati huohuo yupo John Wilkes Booth, yule muigizaji, kaingia kwa kadi aliyopewa na binti wa seneta mmoja. Siku 41 baadaye ndiye aliyempiga Lincoln risasi.

Fikiria wewe ndo rais, umechaguliwa tena, adui yuko magoti, wanao kwa maelfu wako makaburini. Mtu angetamba bwana. Angalau angemtukana adui kidogo watu wapumue. Yeye aya ya kwanza kaipita fasta, mnajua vita inavyoenda, sitabiri chochote. Aya ya pili anarudi 1861, anasema pande zote mbili ziliichukia vita, ila upande mmoja ulikuwa tayari kuanzisha vita kuliko taifa liendelee kuishi, na mwingine ulikuwa tayari kuikubali vita kuliko taifa life. Kisha sentensi fupi kuliko zote: "Na vita ikaja." Basi, hajatukana mtu.

Aya ya tatu ndo yenyewe. Anaanza na hesabu, moja ya nane ya watu wote wa nchi hii walikuwa watumwa weusi, wamejazana Kusini (sensa ya 1860 inakubaliana naye, karibu milioni 4 kati ya milioni 31), na kila mtu alijua kwamba maslahi yaliyojengwa juu ya hao watumwa kwa namna moja au nyingine ndo chanzo cha vita. Hebu tulia hapo. Mpaka leo kuna wazee Kusini kule watakwambia vita ilikuwa ya haki za majimbo, sijui ushuru wa forodha. Lincoln kamaliza hiyo kesi 1865 kwa sentensi moja, kila mtu alijua.

Halafu anasema wote wanasoma Biblia moja, wanamuomba Mungu mmoja, na kila mmoja anamuomba Mungu amsaidie dhidi ya mwenzake. Kisha anachoma: inashangaza kuona mtu anathubutu kumuomba Mungu wa haki amsaidie kujikamulia mkate kutoka kwenye jasho la nyuso za watu wengine. Wakristo mmeielewa hiyo, Mwanzo 3:19, kwa jasho la uso WAKO utakula chakula, huyu anakula kwa jasho la uso wa mwenzie. Akishachoma anajirudi, "lakini tusihukumu, tusije tukahukumiwa".

Na hapa ndo wale wa makongamano hawafiki. Anachukua Mathayo 18:7, ole wake ulimwengu kwa sababu ya mambo ya kukosesha, anasema tuchukulie utumwa wa Marekani ni moja ya makosa hayo. Wa MAREKANI, hajasema wa Kusini. Na kwamba Mungu ameipa Kaskazini na Kusini, zote mbili, vita hii ya kutisha kama ole ya walioleta kosa. Rais anayeshinda anawaambia wapiga kura wake mwenyewe, waliopoteza watoto, na nyie mmo. Halafu hii, natafsiri mwenyewe msinicheke:

"Tunatumaini, tunaomba kwa moyo, pigo hili zito la vita lipite upesi. Lakini kama Mungu anataka liendelee mpaka mali yote iliyolimbikizwa kwa miaka 250 ya jasho la mtumwa lisilolipwa izame, na mpaka kila tone la damu lililotolewa kwa mjeledi lilipwe kwa tone lililotolewa kwa upanga, basi kama ilivyonenwa miaka 3000 iliyopita, ndivyo tuseme na leo, hukumu za Bwana ni kweli, zina haki kabisa."

Baada ya HAPO ndo inakuja "bila kinyongo na yeyote". Na hata hiyo sentensi haiishii kwenye upendo, inaendelea, kwa uthabiti katika haki kadiri Mungu anavyotujalia kuiona haki, tumalize kazi tuliyonayo, tufunge vidonda vya taifa, tumtunze aliyebeba vita na mjane wake na yatima wake. Kumalizia kazi maana yake Lee bado ana jeshi, vita iendelee. Hakuna mahali kasema tusahau.

Karibuni tuchambue.

Kibabu Online

Nimeweka kambi hapa, na kahawa nimeagiza.

Chuma Cha Reli

Mkuu umeandika vizuri ila unamremba sana huyu mzee. Lincoln huyuhuyu 1858 kwenye mdahalo na mpinzani wake Seneta Stephen Douglas pale Charleston, Illinois alisema kwa mdomo wake kwamba haungi mkono usawa wa kijamii na kisiasa kati ya weupe na weusi, wasipige kura, wasikae kwenye baraza la mahakama, wasioane na weupe. Lincoln huyuhuyu Agosti 1862 kaita wazee weusi Ikulu akawaambia ingekuwa bora mkahamie nje ya nchi. Mwezi huohuo kamwandikia mhariri Horace Greeley kwamba kama angeweza kuuokoa Muungano wa majimbo ya Marekani bila kumuachia huru mtumwa hata mmoja angefanya hivyo. Sasa leo ndo awe nabii? Hotuba ya kuapishwa mapya mwanasiasa yeyote anaandikia historia, tusidanganyane.

Mwinjilisti wa Mtaa

Mimi hiyo Mathayo 18:7 nimeihubiri mara nyingi tu na sijawahi kuona mtu anaitumia kwa taifa zima, siku zote tunamwambia mtu mmoja mmoja, ole wako wewe unayekwaza mdogo. Huyu kaichukua kaiweka kwenye serikali, kwenye uchumi, kwenye mashamba. Na tukumbuke mtu mwenyewe hakuwahi kujiunga rasmi na kanisa lolote maisha yake yote. Halafu hakusema Mungu yuko upande wetu! Wahubiri wa Kaskazini walishasema hivyo miaka minne, wa Kusini hivyohivyo, wote wana maandiko, wa Kusini wana Efeso 6 watumwa watiini mabwana zenu, wametoboa Biblia ya watu mpaka ikawa chujio. Yeye anasema maombi ya pande zote mbili hayakuweza kujibiwa yote, na ya yeyote hayakujibiwa kikamilifu. Mwenyezi ana makusudi yake. Ukisema hivyo madhabahuni kwetu wazee wa kanisa wanakuitia kikao.

Mlinzi wa Zamu

Chuma Cha Reli, yote uliyosema ni kweli na sina pa kuyaficha. Ila kwenye barua ya Greeley weka na hili, wakati anaiandika hiyo barua tangazo la kuwaachia watumwa lilikuwa tayari limeandikwa, alishawasomea mawaziri tarehe 22 Julai 1862, wakamshauri asubiri ushindi kwanza isionekane anatapatapa. Likatoka rasmi tarehe 1 Januari 1863. Kwa hiyo ile barua alikuwa anawaandaa watu wake. Mwanasiasa, ndiyo, tena wa hatari.

Na mwenyewe hakujipa unabii. Aprili 1864 alimwandikia mhariri mmoja wa Kentucky kwamba hakuyaongoza matukio, matukio ndo yalimuongoza yeye. Kati ya 1858 na 1865 kulipita nini? Kulipita askari weusi karibu 180,000 waliovaa sare za Muungano, kulipita watumwa waliotoroka mashamba kwa maelfu wakaingia kwenye kambi za jeshi na mabunda yao kichwani kabla hakuna sheria yoyote inayowaruhusu, kulipita Frederick Douglass, mweusi aliyewahi kuwa mtumwa akatoroka akawa mwandishi, aliyemsakama magazetini bila huruma. Watu ndo walimvuta. Ndo maana hiyo aya ya tatu mimi siisomi kama zawadi ya Lincoln, naisoma kama risiti, amelazimika kuandika kile ambacho watu wale walikuwa wanasema miaka yote.

Mwinjilisti, ahsante kwa hilo la maombi, nililiruka.

Sina Jina

Kwa hiyo mnataka kusema maridhiano ya huku kwetu yamekosa aya ya tatu? 😂😂 haya nimepita

Binti Makadara

Sina Jina we hukupita, umechokoza kisha umekimbia. Sisi huku Kenya tulishikwa mkono 2018 tukaambiwa tabasamuni, aya ya tatu hata haijaandikwa. Lakini tusiharibu uzi wa watu.

Mimi nataka niongeze kitu kwenye hilo la "utumwa wa Marekani" kuwa wa pande zote, maana laingia mpaka kwetu pwani na watu hawalijui. Ile nguo ya merikani, bafta isopaushwa, waliokuwa wakiileta Unguja ni kina nani? Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, Kaskazini huko huko kwa "wazuri". Sayyid Said aliwekeana mkataba na Marekani 1833, balozi wao wa kwanza Richard Waters akafika Unguja 1837, naye ni mtu wa Salem. Meli zashusha merikani, zapakia pembe za ndovu, sandarusi, ngozi, karafuu. Nguo ile yafumwa kwenye viwanda vya Massachusetts, lakini pamba yatoka wapi? Kusini, yachumwa na watumwa. Kisha merikani ikifika hapa yafungwa mizigo, wapagazi waipandisha bara mpaka Tabora mpaka Ujiji, ndiyo pesa ya safari, ndiyo ya kulipia hongo, ndiyo ya kununulia pembe na ndiyo ya kununulia watu. Sasa hebu tazama dhiraa moja tu ya nguo: mtumwa wa Georgia kachuma pamba, msichana mweupe wa kiwandani kafuma, na huku bara pengine imebadilishwa na mtoto wa mtu. Ilipokuja vita 1861 pamba ikakatika, merikani ikapanda bei, Waingereza na nguo za Bombay wakaingia sokoni. Yaani vita aliyokuwa akiihutubia Lincoln ilifika mpaka Darajani kwa njia ya dukani.

Kwa hiyo aliposema kosa ni la Kaskazini na Kusini hakuwa akipendezesha maneno. Alijua hesabu za watu wake.

Kibabu Online

Dada umeshusha nondo hapo. Kahawa imepoa sijainywa.

Chuma Cha Reli

Hii ya merikani nimeikubali, sikuijua. Ila swali langu liko palepale, weusi wenyewe waliipokeaje? Siyo sisi wa leo, wale waliosimama kwenye tope.

Mlinzi wa Zamu

Swali zuri na jibu lina kisa ambacho Douglass amekiandika mwenyewe kwenye maisha yake.

Douglass alikuwepo kwenye umati, karibu na ngazi. Anasema kabla ya hotuba alimuona Lincoln anamgusa Johnson na kumuonyesha Douglass yuko pale. Johnson sura ya kwanza iliyomtoka ilikuwa ya dharau tupu, alipoona ameonekana akajaribu kutabasamu, too late. Douglass akamgeukia mama aliyekuwa naye akamwambia, vyovyote awavyo huyu Andrew Johnson, hakika si rafiki wa watu wetu. Mtu kamsoma kwa sekunde mbili na historia ikaja kumpa alama zote.

Jioni kukawa na hafla Ikulu, kila raia anaruhusiwa kwenda kumpa rais mkono. Douglass akasema na mimi ni raia. Kufika mlangoni polisi wawili wakamshika, hapa weusi hawaingii, ni amri. Akawaambia haiwezekani Lincoln atoe amri hiyo. Wakabadilika wakawa wapole ghafla, karibu mzee tukupitishe huku, kumbe wanampeleka kwenye dirisha lililotegwa mbao za watu kutokea nje! Akagoma, akasema sitoki mpaka nimuone rais. Akamuona mtu anayemfahamu anaingia akamtuma, mwambie Bwana Lincoln Douglass kazuiwa mlangoni. Dakika chache yuko ndani ya ukumbi wa mashariki, na Lincoln kamuona kwa mbali, alivyo mrefu anaona juu ya vichwa vya watu wote, akasema kwa sauti kila mtu akasikia, "Huyu hapa anakuja rafiki yangu Douglass." Akamshika mkono akamuuliza umeionaje hotuba yangu, Douglass akasema Bwana Lincoln nisikupotezee muda kuna maelfu wanasubiri kukusalimia, Lincoln akasema hapana, hamna mtu nchi hii ninayethamini maoni yake kuliko wewe, nataka kujua. Douglass akajibu, "Bwana Lincoln, ilikuwa kazi takatifu."

Kwa hiyo jibu lako ndo hilo, na angalia limetoka kwa nani. Douglass hakuwa mtu wa kumpaka mtu mafuta, 1876 wakati wa kuzindua sanamu ya Lincoln alisimama mbele ya rais Grant akasema Lincoln alikuwa kwanza kabisa rais wa weupe na sisi tulikuwa watoto wake wa kambo. Mtu huyo ndo kasema takatifu.

Magazeti ya upinzani yaliiponda vibaya, la Chicago moja likaiita ya kitoto. Lincoln mwenyewe siku chache baadaye alimwandikia mwanasiasa wa New York, Thurlow Weed, kwamba anategemea hotuba itadumu labda kuliko vyote alivyowahi kutoa, ila haitapendwa mara moja, kwa sababu watu hawafurahii kuonyeshwa kwamba kusudi lao na la Mwenyezi Mungu yalikuwa tofauti.

Kigoma Mwisho wa Reli

Mleta mada mimi nauliza swali la mtu mjinga. Hotuba takatifu, sawa, deni limetajwa, sawa. Lililipwa? Maana mtumwa wa 1865 hali maneno.

Mlinzi wa Zamu

Swali la mjinga wapi hilo.

Tuanze na aliyelipwa kwanza. Aprili 1862 Bunge lilifuta utumwa ndani ya Washington, na serikali ikalipa fidia, hadi dola 300 kwa kila mtumwa. Kwa nani? Kwa BWANA wake. Mtumwa mwenyewe alitengewa hadi dola 100 kama atakubali kuhama nchi aende Haiti au Liberia. Soma tena hiyo mara mbili.

Binti Makadara

Na Unguja 1897 mambo yalikuwa yaleyale. Soko la watumwa lilifungwa 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza, utumwa wenyewe ukaja kuondolewa kisheria 1897, na fidia wakapewa mabwana. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake. Yaonekana dunia nzima walisoma kitabu kimoja cha mahesabu.

Mlinzi wa Zamu

Naam. Sasa endelea Kigoma. Tarehe 16 Januari 1865 Sherman alitoa amri namba 15, ardhi ya pwani kuanzia Charleston kushuka mpaka Florida igawiwe kwa waliokuwa watumwa, hadi ekari 40 kwa familia. Watu kama 40,000 wakaingia wakalima. Tarehe 3 Machi, siku MOJA kabla ya hotuba, Lincoln akasaini sheria ya kuanzisha ofisi ya serikali ya kuwahudumia walioachiwa huru, shule, chakula, mikataba ya kazi, na ardhi imo. Kwa hiyo aliposema tufunge vidonda kulikuwa na karatasi nyuma yake. Tarehe 9 Aprili Lee akasalimu amri. Tarehe 11 Lincoln akahutubia toka dirishani Ikulu akasema hadharani angependa weusi wenye elimu na waliokuwa askari wapige kura. Booth alikuwa chini pale anasikiliza, akasema hiyo ndo hotuba ya mwisho atakayotoa. Tarehe 14 akampiga risasi, asubuhi ya 15 akafa.

Na nani akawa rais? Yule mlevi wa Seneti.

Johnson alichukua "bila kinyongo na yeyote" akaifanyia kazi kwa upande mmoja tu. Mabwana wa zamani wakasamehewa kwa maelfu, na msamaha ulikuja na mashamba yao, kwa hiyo wale watu 40,000 wengi wao wakaondolewa kwenye ardhi kuanzia mwaka uleule. Majimbo ya Kusini yakatunga sheria za kuwabana weusi, ukikutwa huna mkataba wa kazi unakamatwa kwa uzururaji unakodishwa kwa mwenye shamba, utumwa umetoka kwa mlango wa mbele umerudi na risiti ya mahakama. Marekebisho ya 13 ya katiba yaliridhiwa Desemba 1865, na ndani yake kuna kipengele utumwa umefutwa isipokuwa kama adhabu ya kosa. Wakakiona hicho kipengele haraka sana.

Hii ndo sababu nimeandika huu uzi wakuu. Mtu wa kwanza kuichukua hotuba ya Lincoln akabakiza mstari wa mwisho peke yake alikuwa makamu wake mwenyewe, ndani ya mwaka uleule, kabla yenu na makongamano yenu. Na tunajua ilikuwaje, upatanisho ulikuwa kati ya weupe wa Kaskazini na weupe wa Kusini, wakapeana mikono juu ya vichwa vya watu wenye deni lao. 1877 jeshi likaondolewa kulinda serikali za Kusini na mchezo ukaisha kwa miaka karibu 90.

Dereva wa Semi

Wakuu niko Maryland huku, napita Washington mara kwa mara. Kwenye jumba la kumbukumbu la Lincoln, pale alipokaa kwenye kiti, ukuta wa kusini wameandika hotuba ya Gettysburg na wa kaskazini ndo hii. Asilimia kubwa ya watalii wanapiga picha na sanamu, wachache wanasoma ile ya Gettysburg maana ni fupi, huu ukuta mwingine mtu anasimama anaangalia juu anaona maneno mengi anaondoka. Mimi nimeisoma yote, ile ya mjeledi na upanga imechongwa kwenye jiwe kabisa hawajaificha.

Sasa sikilizeni hii. Jumba lilizinduliwa 1922. Mzungumzaji mmoja alikuwa mweusi, Robert Moton mkuu wa Tuskegee, chuo cha weusi kule Alabama, hotuba yake ilipunguzwa makali na wahusika kabla hajaisoma. Na wageni weusi siku hiyo walitengewa sehemu yao mbali na wengine, wanajeshi wanawasimamia wasisogee. Mbele ya huo ukuta.

Chuma Cha Reli

Daah. Basi mimi nabaki na msimamo wangu nusu. Mtu nimemkubali kidogo, nchi yake bado.

Mlinzi wa Zamu

Hiyo nusu inanitosha mkuu.

Kigoma Mwisho wa Reli

Na huyo Johnson alifanywaje? Usiniambie alimaliza muda wake akapewa mafao.

Mlinzi wa Zamu

1868 Bunge lilimshtaki wamng'oe, Seneti wakapiga kura 35 kwa 19, ilihitajika theluthi mbili, ikapungua kura MOJA. Akamaliza muda wake, na Krismasi ya mwaka huohuo akatoa msamaha kwa waasi wote waliobaki. Na 1875 akarudi Washington kama seneta, kwenye ukumbi uleule alioropoka akiwa amelewa, safari hii alikuwa mkavu.

Kibabu Online

Nyie watu. Mleta mada hiyo kesi ya Johnson fungua uzi wake, mimi nahamisha kambi.